Asiyetaka Atoe Mara Mbili

Dime wangu,

Nywele zako hazikuwa na shida yoyote. Nilikutuma kwa kinyozi kwa sababu barua hii siwezi kuiandika wewe ukipitapita hapa ukiuliza soksi ziko wapi. Pale Kangemi Jumapili kuna foleni, na ukishakaa kwenye benchi mtabishana mpira mpaka jioni. Kwa hivyo nina muda kidogo. Karatasi tatu za kwanza nimewashia jiko.

Mambo ya blanketi, dawa ya kifua chako na nani wa kumpigia ukifika Eldoret nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko ndani ya sufuria ndogo. Hii si hiyo. Hii uisome leo, peke yako, kisha kesho ufanye utakavyoona.

Ni kuhusu Nafula.

Naona umeshakunja uso. "Ah, mathe, si tulikuwa tunacheza tu." Nilikusikia ukimwambia Kevo hivyo kwa simu siku mbili baada ya sherehe yako, na tangu hapo nimekuwa nikikupita mlangoni kama mpangaji mwenzangu. Umeniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nikasema ni kichwa. Haikuwa kichwa.

Ile Jumamosi majirani walikuja kukuchangia karo, nami nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu uzaliwe. Hema limefungwa, viti vimetosha, hata watu wa ploti ya juu ambao hawanisalimii walikuja. Mimi nilikuwa nyuma ya meza, nimeshika mwiko wa pilau. Ukachukua maiki kwa yule kijana wa spika, ukaanza ule mchezo.

Unaujua mchezo, lakini wacha niuandike, maana ukiandikwa ndipo unaonekana sura yake. Mtu anatoa pesa kidogo, anasema anataka fulani asimame acheze na fulani. Anayetajwa ama anasimama na kucheza, ama anatoa zaidi ili aachwe akae. Zote zinaingia kwenye sahani, na sahani inasaidia harusi, au mgonjwa, au mtoto anayeenda chuo. Watu wanacheka, hakuna anayeumia. Hivyo ndivyo tunavyosema.

Kevo akatoa hamsini. "Nafula acheze na mimi!"

Nafula alitikisa kichwa. Wewe ukampelekea maiki mdomoni, akasema, "Sitaki, Dime." Mtaa mzima ukasikia. Ukageukia watu kama mtu anayetangaza bao: "Amesema hataki! Na asiyetaka..."

Watu wakamalizia, "Atoe mara mbili!"

"Wee Nafula, si ucheze tu! Kwani atakumeza?" Huyo alikuwa Mama Nekesa, hapa kando yangu, na sahani mkononi.

Labda wewe hukuona kilichofuata, ulikuwa unatazama umati. Mimi niliona. Nafula aliingiza mkono kwenye mfuko wa sketi, akaugeuza nje wote. Hakuwa na kitu. Mchango wa kwao mama yake alikuwa ameshautoa. Akasimama na mikono ameikunja kifuani, sweta ameifunga kiunoni. Kevo akamshika mkono, Nafula akautoa. Akamshika tena, akautoa. Ndipo Kevo akamvuta kwa ile sweta, fundo likafunguka, sweta ikabaki mkononi mwa Kevo, naye akaizungusha juu ya kichwa chake kama bendera. Watu walipiga vigelegele. Nafula akapita katikati ya viti, akatokea upande wa jikoni, akaenda kwao. Sahani yake ya pilau ilibaki na kijiko ndani.

Mama Nekesa akanipiga bega. "Damu si maji! Huyu mwanao ni wewe mtupu, Mama Dime."

Nikacheka. Nataka uone nimeliandika neno hilo. Nilimwona yule msichana mfuko wake ukiwa nje, nikaona sweta, na nilicheka, kwa sababu watu wote walikuwa wamekuja kwa ajili yako na sahani ilikuwa bado inazunguka.

Halafu usiku ule sikupata usingizi, maana yale maneno si yako. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeyatunga.

Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya mazoezi hapa ndani na mwiko wa ugali badala ya maiki, wewe umekaa kitandani ndiwe umati? Nikisema "asiyetaka", wewe unamalizia, na pengo lako la meno ya mbele, "atoe mala mbili!" Tulikuwa tukicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Siku hizo kila Jumamosi nilikuwa emsii, mwendesha sherehe, nikiitwa huku na huku, Mountain View, Uthiru, hata huko kwa wenye magari. Walisema mimi naweza kumtoa mtu kitini hata akiwa amefungwa na kamba. Nilijivunia hilo. Sikuwa nimesoma sana, sikuwa na mume, lakini nikishika maiki watu wazima wananisikiliza.

Sasa nikueleze kuhusu Rehema. Sijawahi kukueleza.

Ilikuwa Kileleshwa, mchana, kwenye maegesho ya magari ya fleti fulani. Kamati ya harusi ilikuwa inachangisha. Rehema alikuwa msichana wa kazi wa pale nyumbani, miaka kumi na tisa hivi, anapitisha soda kwa trei. Bwana mmoja wa kamati, mwenye kicheko kikubwa, akatoa noti. "Huyu wa soda acheze na mimi!"

Rehema hakumtazama yule bwana. Alinitazama mimi. Akasema polepole, "Mama, mimi niko kazini."

Nikasema kwa maiki, "Hapa hakuna kazi, hapa kuna harusi! Asiyetaka atoe mara mbili!"

"Sina," akasema.

Watu wakavunjika mbavu. Nami, Dime, ndiye niliyempokonya ile trei mikononi. Nilidhani namsaidia. Mikono yake ikabaki wazi, yule bwana akaishika. Wakacheza. Mkono wa yule bwana ukaanza kwenda mahali ambapo haukuwa na ruhusa ya kwenda. Niliuona. Rehema alinitafuta tena kwa macho, na nikafanya jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: niligeuka nikamwambia kijana wa muziki aongeze sauti.

Baadaye nilimkuta jikoni anaosha glasi. Hakugeuka.

"Mama, ulikuwa na pesa kwa mkoba wako?"

"Pesa gani?"

"Za kunilipia nikae."

Nikacheka hata hapo. Nikamwambia, "Wewe nawe! Huo ni mchezo tu."

Akasema, "Kwako."

Ningependa kukuambia kwamba siku hiyo niliweka maiki chini. Sikuiweka. Nilifanya sherehe nyingine nne, tano, na maneno ni yaleyale. Mtu anaweza kujua jambo na bado alifanye, kwa muda mrefu, kama watu wanampigia makofi.

Kilichoniachisha ni kazi ya dukani. Unamjua Bi Zubeda, mwenye duka la vitambaa pale mjini ninapofanya kazi. Nilipoanza, kabla hata hajanionyesha mkasi, alinifundisha kupima. Nilikuwa nikimfikia mteja namwinua mikono kama mtoto anayevalishwa. Bi Zubeda akanishika kiwiko. "Usimwinue, mwanangu. Mwili wa mtu si mali ya duka. Mwonyeshe utepe, kisha ngoja. Akiinua mikono mwenyewe, ndipo uzungushe. Asipoinua, mpe kiti, mpe maji, mzungumze habari ya rangi." Nikazoea. Ikawa tabia ya mikono yangu, siku sita kwa wiki: onyesha, ngoja. Nilikuwa nikitoka kazini Jumamosi saa saba, na ifikapo saa tisa nimeshika maiki, simngojei mtu yeyote. Na sikuwahi hata mara moja kuona kwamba ni mikono ileile.

Siku moja mama mmoja wa Loresho alileta msichana wake wa kazi ashonewe gauni, wana harusi kwao. Nikachukua utepe, nikainua macho. Ni Rehema, kumbe alishahama kazi ya Kileleshwa.

Nikamwonyesha utepe. Nikangoja.

Hakuinua mikono. Aliiacha hivi, ubavuni, kimya, ananitazama. Mwajiri wake akasema, "Rehema, inua basi." Hakuinua. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Bi Zubeda akaja kutoka nyuma, akautoa utepe mkononi mwangu bila neno, akasimama mbele ya Rehema. Rehema akainua mikono.

Hakuna mtu amewahi kunitukana kiasi hicho, na hakufungua mdomo.

Gauni lilipokuwa tayari niliomba nilipeleke mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya msamaha kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Nilifika kwenye geti lao kule Loresho, nikamwambia mlinzi aniitie Rehema, nikamtajia jina langu. Akaenda, akarudi. "Mama, anasema hataki."

"Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia. Ndiyo maana hataki." Akanihurumia kidogo. "Nimwambie tena? Nimwambie umetoka mbali?"

Na Dime, nilifungua mdomo niseme ndiyo. Mwambie nimetoka mbali. Mwambie jua ni kali. Mwambie nimekuja kuomba msamaha, atakataaje? Nilikuwa niko tayari kumtoa kitini tena, kwa machozi yangu badala ya maiki. Nikaufunga mdomo. Nikamwachia mlinzi gauni, nikarudi na miguu mpaka Waiyaki Way na maneno yangu yote mdomoni. Mpaka leo sijamwambia. Hiyo "sitaki" ya Rehema ndiyo ya kwanza katika maisha yangu niliyoisikia nikaiacha ibaki ilivyo, na nilikuwa nimechelewa.

Sikurudi kwa maiki tena. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, ukaniuliza kwa nini hatufanyi mazoezi. Nikasema nimechoka. Hilo ndilo kosa ambalo sasa linaniamsha alfajiri. Nilikufundisha mchezo kwa kelele, nikauacha kimyakimya. Ulibaki na nusu ya kwanza.

Kuna jambo jingine, nitaliandika haraka nisije nikalichoma nalo. Baba yako nilikutana naye kwenye disko ya mchana, Krismasi, nikiwa na miaka kumi na saba. Hakunilazimisha. Hilo ulijue ulale nalo vizuri. Lakini hakuniuliza pia, wala mimi sikujua kwamba mimi ni mtu wa kuulizwa. Nyumbani tuliambiwa msichana mwema hukataa kidogo halafu hunyamaza. Basi nikakataa kidogo, nikanyamaza. Wewe ndiwe jambo jema lililotoka huko, na sikubadilishi na chochote. Lakini natamani ningekuwa nimekufikia kupitia neno "ndiyo" ambalo nimelisema mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa kina Nafula. Nilibeba ile sweta Kevo aliyoiacha kwenye kiti, nimeifua, kifungo kilichong'oka nimekishona. Mama yake akanikaribisha. Nafula alikuwa uani anachambua mboga. Nikamwambia, "Nafula, ile siku nilikuona, na nilicheka."

Akasema, "Najua. Na mimi nilikuona."

Sikusema nilikuwa na shughuli za chakula, ingawa neno hilo lilikuwa limeshafika kooni. Nikamwambia pole. Akaendelea na mboga. Kisha akaniuliza, "Na Dime anasemaje?"

Siku saba tumekula meza moja na sikuwa nimekuuliza, kwa uoga wangu. Nikamnyooshea ile sweta. Hakuipokea.

"Hiyo alete mwenye maiki," akasema.

Ndiyo maana iko juu ya begi lako. Usije ukafikiri nimekupakia nguo ya mtu kwa bahati mbaya.

Ninaogopa, mwanangu. Sikuogopi kwa sababu wewe ni mbaya. Ungekuwa mbaya ningelala, ningejua la kufanya. Naogopa kwa sababu unajua kuchekesha. Umechukua sauti yangu, umechukua hata ile namna ya kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho ili watu wamalizie. Juzi umeingia hapa ukiruka: yule rafiki yako aliyetangulia chuo ameandikisha jina lako, Ijumaa usiku wa kuwakaribisha wanafunzi wapya wewe ndiye utashika maiki. "Mathe, wiki ya kwanza tu!" Nilikupongeza. Kisha nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Maana kichwani mwangu nimeshauona ule ukumbi. Nimewaona wasichana waliofika juzi, hawajui hata choo kiko upande gani, hawana jina la mtu yeyote wa kumwita. Na mvulana pia, wako wavulana wa namna hiyo, usidhani ni wasichana peke yao. Taa zimepunguzwa. Halafu sauti yako, sauti ninayoijua, inamwita mmoja asimame. Atakataaje? Ukimuuliza mtu mbele ya watu mia, hujamuuliza yeye, umewauliza wale mia, nao wataitikia ndiyo kila mara kwa sababu si wao watakaoguswa. Wewe utarudi kitandani umefurahi, watu wamesema wewe ni moto. Yeye ataosha mikono mpaka kwenye viwiko. Na hutajua. Hilo ndilo linalonitesa: hutajua. Mimi nisingejua kama Rehema asingeuliza.

Sikwambii usishike maiki. Mimi niliiacha kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuchekesha watu, na labda huo nao ulikuwa uoga. Wewe umesoma kuliko mimi, tafuta njia. Labda uende pembeni kabla, maiki imezimwa, umuulize mtu mmoja mmoja. Labda atakayesema hapana ndiye apigiwe makofi, halafu mwendelee na muziki. Labda ukiona mkono unakwenda usikotakiwa, wewe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote humo ndani, uitumie. Sijui. Ninachokijua ni utepe tu. Unauonyesha, unangoja, na mikono ikibaki chini, jibu umeshapewa.

Kuhusu kesho. Nilikwambia basi linaondoka saa tatu. Linaondoka saa nne. Nisamehe, hiyo saa moja nimekuwekea.

Nenda kwa kina Nafula na sweta. Usiende na Kevo, huyo ana safari yake mwenyewe na nitazungumza na mama yake. Usiende na mimi. Bisha hodi. Nafula alisema uilete, hakusema atatoka. Akitoka, taja ulichofanya kwa jina lake halisi, kwa kifupi, na usiongeze kwamba mlikuwa mnacheza. Usimwombe aseme yameisha, huenda kwake hayajaisha, na wewe utakuwa Eldoret unalala. Akiwa ndani, akisema hataki kukuona, mama yake anaweza kuona haya akakwambia, "Ngoja nimwite tena." Mwambie hapana, Mama Nafula, inatosha. Mwachie sweta, umshukuru, urudi. Utataka kubaki kidogo pale getini. Najua. Mimi nilitaka pia. Rudi.

Nitakuwa hapa mlangoni na begi lako na chai kwenye chupa. Sitakuuliza alisema nini.

Nasikia kicheko chako pale kwenye kona, umemaliza kunyolewa mapema kuliko nilivyodhani, na hata kutoka hapa najua unawasimulia jambo, kwa sababu umenyamaza kidogo, na sasa wote wamelipuka. Una kipawa, Dime. Mungu wangu, una kipawa.

Naikunja sasa, naiweka ndani ya mkono wa sweta.

Mimi mama yako, niliyecheka.